Njia Iliyoanzia Kulia

Magunia yalitolewa Alhamisi asubuhi, na kabla ya adhuhuri kijiji kizima cha Maweni kilikwisha kujua kwamba Fundi Taha wa Amu amewajengea Wakatoliki Njia ya Msalaba ikienda kinyumenyume.

Jambo lenyewe halikuhitaji macho ya mtaalamu. Timbo lile kuukuu la kisiwa cha Manda, lililotolewa mawe miaka na miaka mpaka likachoka, limekaa kama mwezi mchanga: ukuta mmoja mrefu wa jiwe, umepinda. Ukisimama kati ukautazama ukuta, mkono wako wa kushoto kuna lango la kutokea kijijini, na mkono wa kulia kuna bahari. Humo ukutani Taha alikuwa ametengeneza vidaka kumi na vinne vya chokaa, kama vile vidaka vya nakshi vinavyopamba kuta za nyumba za kale za Amu, kimoja kwa kila kituo cha mateso ya Yesu. Majuma matano vidaka hivyo vililala chini ya magunia mabichi, kwa kuwa chokaa si saruji. Chokaa ikikauka kwa pupa hupasuka, kwa hiyo hufunikwa na kunyweshwa asubuhi na jioni, tena maji matamu, si ya chumvi. Na Maweni hakuna kisima cha maji matamu. Kila dumu lilivuka kwa mashua kutoka Amu, na kina mama waligawa nusu ya yale ya kupikia ili kuta zinywe.

Basi siku hiyo Bi Mueni, kiongozi wa kina mama, mwanamke aliyelea watoto wanne kwa kugonga kokoto, aliingia langoni na wenzake ishirini, rozari mikononi, wafanye jaribio kabla ya siku ya hija. Walisimama mbele ya kidaka cha kwanza walichokikuta. Akafungua kitabu akasoma kwa sauti, "Kituo cha kwanza. Yesu anahukumiwa afe." Akainua macho. Kidakani palichongwa ubao wa jiwe na sanda iliyokunjwa vizuri, na chini yake namba ya Kirumi ya kumi na nne.

"Fundi," alisema polepole, "hapa ni kaburini."

"Ndipo," Taha alijibu kwa fahari, maana sanda ile ilimpa kazi ya siku tatu. "Ndio mwisho wa ndia."

"Na mwanzo uko wapi?"

Taha akanyoosha mkono kule kulia, baharini, kwenye vichaka vya miiba na vifusi ambako hakuna mtu aliyepita tangu mashua za mawe zilipoacha kupakia pale. Alipoushusha mkono aliziona nyuso za wale wanawake, na hapo ndipo alipofahamu. Karatasi aliyopewa na kamati ilichorwa mwezi mchanga na nukta kumi na nne bila namba. Yeye aliisoma kama anavyosoma kila kitu tangu chuo cha Kurani, kuanzia kulia. Hakumuuliza mtu, na hakuna mtu aliyefikiri kwamba jambo kama hilo lina haja ya kuulizwa.

Mwenyekiti wa kamati ya hija, Bwana Nzai, alifika mbio huku kashika kofia. Lango lile la saruji, lenye upinde na maua ya rangi tatu, lilikuwa kazi yake na fahari yake. Alikuwa amekwisha pangia kwaya ipite chini yake ikiimba.

"Yaani watu waje hija, hatua ya kwanza wamzike Bwana, halafu waende wakimfufua kinyumenyume mpaka ahukumiwe?" Alimgeukia Taha. "Mzee, nilisema tangu mwanzo. Nilisema kazi ya Kanisa ipewe mtu wa Kanisa."

"Zaweza kubadilishwa namba," Taha alisema, na sauti yake mwenyewe haikumpendeza.

"Namba tu? Na hii sanda utaifanya kiti cha Pilato?"

Kila kidaka kilikuwa na lake, na chokaa iliyoshika haitoki nzima. Ukiiondoa ni kwa nyundo, na ikitoka ni kifusi. Nzai akasema Padre anafika Jumapili, kisha Jumatatu vijana wataleta mitaimbo wabomoe, na mahali pake pawekwe vigae vya saruji vilivyotengenezwa tayari, vyenye picha. Hija ilikuwa Jumamosi ya juma lile. Malipo yaliyobaki Taha ayasahau.

"Na uniwie radhi, mzee," aliongeza Nzai mbele ya watu wote, "ila hata mtoto wa chekechea anajua kuandika kunaanzia wapi."

Kina mama wawili wakacheka, kisha wakaona haya. Taha aliokota mwiko wake, akaufuta kwa ncha ya kikoi ingawa ulikuwa safi, akateremka kutafuta mashua.

*

Nyumbani Amu alimkuta mkewe, Bi Ruqaya, ameketi mbele ya sinia la mahamri. Lilikuwa limejaa vile vile lilivyotoka asubuhi.

"Yamerudi?" Taha aliuliza.

"Yamerudi. Nimeyapeleka khitmani kwa Bi Ghada kama siku zote. Nimeambiwa watu wameshiba." Ruqaya alifunika sinia kwa kawa. "Watu hawajala tangu asubuhi, nao wameshiba. Ajabu ya nti hii."

Haikuwa mara ya kwanza. Tangu Taha akubali kazi ya Manda, kulikuwa na salamu zilizojibiwa nusu na mikeka iliyojaa ghafla kila Ruqaya alipotaka kukaa. Maneno hayakusemwa usoni, kwa kuwa watu wa Amu wana adabu hata katika kuumiza. Taha alikuwa na hoja zake. Hakuchonga uso wa mtu hata mmoja, hilo lilikuwa sharti lake la kwanza. Misalaba pia hakuigusa. Aliacha tundu juu ya kila kidaka, waichomeke wenyewe, na Padre alifurahi akasema desturi yao inataka msalaba wa mti hasa. Lakini hoja haziingii kwenye khitma ya wanawake.

Alipomaliza kumsimulia ya timboni, mlango ulibishwa. Aliyeingia ni Abdulwahid, kaka yake Ruqaya, mwenye mashua mbili na mjumbe wa kamati ya msikiti wa mtaa. Alikunywa kahawa kikombe kimoja kabla ya kusema.

"Shemeji, nimeona nikwambie mwenyewe, usisikie ndiani. Ile mihrabu. Kamati imeonelea apawe Husni."

Mihrabu ya msikiti ule, kidaka anamosimama imamu kuongoza sala, ilichongwa maua na babake Taha, na Taha akiwa na miaka tisa ndiye aliyemshikia bakuli la chokaa. Unyevu ulikuwa umeila upande mmoja, na mwaka mzima alingojea aitwe kuitengeneza.

"Husni hutumia saruji," alisema hatimaye.

"Nayua. Lakini watu wasema mkono uliotoka kule Manda…" Abdulwahid hakumaliza. "Na sasa nasikia hata wao wenyewe hawaitaki kazi yako. Ungeniuliza mapema, shemeji."

Alipotoka, Taha alikaa akiitazama mikono yake, mikavu, imepasuka kwa chokaa. Yeye alikuwa ameipoteza mihrabu ya babake kwa ajili ya vidaka vitakavyobomolewa Jumatatu. Jina la fundi ni moja, likivunjika hakuna chokaa ya kuliziba, na lake lilikuwa limevunjika pande zote mbili za mlango wa bahari katika siku moja.

"Kesho Ijumaa," alisema Ruqaya. "Kesho kutwa wanipeleka nikaione."

"Ukaone nini, mamake Aliya?"

"Hiyo ndia iliyonirudishia mahamri yangu. Nimeilipia, nami nina haki ya kuiona."

*

Jumamosi nahodha aliyewavusha alikuwa na haraka zake, akaona maji yanatosha, akawashusha mahali pa karibu kuliko gati la Maweni: kwenye diko la zamani lililokuwa likipakiwa mawe. Ruqaya alikunja buibui lake mkononi, akapanda vifusi kwa magoti na viganja, akilaumu kila jiwe kwa jina lake. Alipofika juu alikuwa anahema, na mbele yake palikuwa na kidaka cha kwanza.

Taha akamwongoza. Hakuwa na kitabu, lakini kila kituo alikijua kama alivyosimuliwa na Mueni saa za chakula, siku moja kituo kimoja, nje ya lango, Mueni akigonga kokoto na yeye akichanganya chokaa. Hapa Yesu alihukumiwa, na kidakani kuna birika na beseni, maana hakimu alinawa mikono. Hapa alitwishwa msalaba. Hapa alianguka.

"Mbona hiki kiko tini sana?" Ruqaya aliuliza. Kidaka cha tatu kilikuwa karibu na ardhi.

"Alianguka. Mwenye kutaka kutazama, naye ainame."

Ruqaya akainama. Alikaa hivyo kitambo, mwanamke wa Kiislamu wa miaka hamsini na nane, akitazama kidaka chenye jiwe moja la kujikwaa. Wakaendelea. Penye mama aliyekutana na mwanawe walikuta vitanga viwili vya mikono ambavyo havijagusana, na Ruqaya, aliyezika mtoto wa kiume zamani, alipangusa macho kwa ushungi bila kuficha. Akainama kwa kidaka cha saba, alipoanguka tena, akainama kwa cha tisa, alipoanguka mara ya tatu. Wakafika kwenye sanda. Kisha hatua tatu tu, na wakajikuta wamepita chini ya upinde wa Bwana Nzai, wametoka nje kwenye upepo na jua.

Mueni alikuwa pale nje, nyundo mkononi, juu ya chungu lake la kokoto. Wanawake hao wawili walikuwa hawajaonana kamwe. Waliamkiana.

"Bi Mueni," alisema Ruqaya, "nimeitazama yote. Hebu niambieni, kosa liko wapi?"

"Watu wanaingilia hapa langoni, mama. Wataanza na mwisho."

"Na hao watu watoka wapi?"

"Mokowe, Hindi, Mpeketoni. Wengine Amu."

"Wote hao watakuya kwa miguu?"

Mueni akacheka. "Kwa miguu kivipi? Hapa ni kisiwani. Watakuja kwa mashua."

"Basi wakiya kwa mai, mbona muwazungushe hadi langoni? Si washukie kule tulikoshukia sisi?"

Mueni aliacha kucheka. Aliiweka nyundo chini.

"Kule kuna kifusi," alisema Taha. "Futi sita za kifusi, mamake Aliya. Na mai hayafiki sikuzote."

"Hija ni saa ngapi?"

"Njia ya Msalaba ni saa tisa alasiri," alijibu Mueni. "Ndiyo saa aliyokufa."

Ruqaya akahesabu kwa vidole. Babake alikuwa nahodha, na mtoto wa nahodha haulizi kalenda. "Jumamosi ile mwezi ni wa kumi na nne. Bamvua. Saa tisa mai yatakuwa yamejaa hapo hadi juu ya ngazi, kama ngazi ingekuwako."

"Ngazi?" Mueni alisimama, akajikung'uta vumbi la miaka kumi na tano. "Mama, hapa ni Maweni. Tuambie kitu kingine ambacho hatuna, lakini mawe?"

*

Jumapili baada ya misa Padre Komora, Mpokomo mrefu mwenye mwendo wa taratibu, alishuka timboni. Nyuma yake walikuja Nzai, kamati, na nusu ya kijiji. Mitaimbo ilikuwa imeegemezwa langoni, tayari. Padre alitembea njia yote toka kaburini hadi kwenye birika, halafu akarudi toka kwenye birika hadi kaburini. Mara ya pili aliinama penye cha tatu, cha saba na cha tisa, na magoti yake yalilia yakasikika.

"Mzee Taha," alisema, "kwa nini ulianzia kulia?"

Taha alikuwa amejiandaa kuomba msamaha. Maneno yaliyotoka yalikuwa mengine.

"Sikufikiri, Padre. Kwetu sisi kila jambo jema mwando wake ni kulia. Kula, kuvaa, kuingia msikitini. Kushoto huandia mambo ya chooni. Ndia yenu ya ibada ningeiandaje kushoto? Ningekuwa nimewatukana."

Hakuna aliyecheka safari hii. Padre alikigeukia kidaka cha tatu.

"Mimi ninafanya Njia ya Msalaba tangu utotoni," alisema, "na leo ndiyo mara ya kwanza ukuta umeniinamisha. Bwana Nzai, kuna kanuni inayotaka tuanzie langoni?"

"Kanuni hapana, Padre, lakini lango…"

"Lango linabaki. Watu watatoka kaburini, hatua tatu, wapite chini ya upinde wako kwenda nje juani kwenye misa. Si ndivyo Pasaka ilivyo?"

Nzai alilitazama lango lake, akayatazama maua ya rangi tatu, na polepole ikamwingia akilini kwamba upinde wake umepandishwa cheo kutoka mlango wa kawaida hadi Ufufuko. Mtu mgumu, lakini si mjinga.

"Itabidi niongeze rangi ya dhahabu," alisema.

"Ila kifusi kile," Padre aliendelea. "Siku sita. Itawezekana?"

Mueni alikwenda langoni, akachukua mtaimbo mmoja kati ya ile iliyoletwa kubomolea, akaubeba begani hadi upande wa baharini. Wenzake ishirini wakafuata, na mitaimbo ikaisha.

*

Watu wa Maweni hawajui kujenga kwa nakshi, lakini kuhamisha mawe ndiyo kazi ya mikono yao tangu walipokuja kutoka bara. Jumatatu hadi Ijumaa timbo lilirudi kuwa timbo. Wanaume walivunja, wanawake walipokezana karai kwa mstari, na Nzai mwenyewe alionekana bila kofia, jasho likimtiririka, akipigia kelele watu wasiokuwa na kosa. Chini ya kifusi walikuta vipande vya ngazi ya zamani. Taha alipanga ngazi zilizokosekana, jiwe kwa jiwe bila chokaa, kwa kuwa siku sita hazitoshi kwa chokaa, akizikaza kwa vibanzi vya mawe kama babake alivyokuwa akifanya kwenye kuta za visima. Kila adhuhuri Ruqaya alivuka na sinia. Mahamri yale yaliyorudishwa khitmani yalipata wenyewe. Hayakubaki hata makombo, na Mueni alilamba sukari kidoleni akasema huko Amu watu wana bahati wasiyoijua.

Ngazi ya mwisho ilikaa Ijumaa jioni. Taha alisimama juu yake, akaruka mara mbili kama mtoto kuijaribu. Haikucheza.

Jumamosi saa nane mashua zilianza kuja. Mashua za Mokowe hazikutosha, ikabidi za Amu zikodishwe, na mojawapo ilikuwa ya Abdulwahid, mwenyewe usukani, uso umekunjwa. Maji yalipanda kama Ruqaya alivyoyahesabu, ngazi moja, ngazi ya pili, mpaka watu wakawa wanatoka mashuani kwa hatua moja tu, bila kulowa. Mabibi vizee wa Mpeketoni waliotegemea kubebwa mgongoni walishuka wenyewe kwa heshima zao. Walikuwa zaidi ya mia nne. Juu ya kila kidaka msalaba wa mti ulikuwa umechomekwa mahali pake.

"Kituo cha kwanza," ilisikika sauti ya Mueni. "Yesu anahukumiwa afe."

Taha na mkewe walisimama pembeni, juu ya ukingo wa timbo. Umati ulisogea kando ya ukuta kulia kwenda kushoto, bila mtu kujikwaa wala kuuliza njia. Penye kidaka cha tatu watu mia nne waliinama. Hakuna aliyewaambia. Mstari ulishuka, ukainuka, ukashuka nyuma yake mwingine. Bibi mmoja alitia kiganja chake ndani ya kidaka, akakitoa cheupe kwa vumbi la chokaa, akajipaka kifuani. Kisha wa kwanza wakafika kwenye sanda, wakapita langoni, na kule nje, chini ya dhahabu mbichi ya Bwana Nzai, kwaya ikapasuka kwa wimbo.

"Alhamdulillahi," alisema Ruqaya. Hakusema kwa kunong'ona.

Watu walipokuwa misani, timbo lilibaki tupu. Ila halikuwa tupu kabisa. Abdulwahid alikuwa ameacha mashua yake, amepanda ngazi, na sasa alikuwa akienda peke yake kando ya ukuta, mikono nyuma. Misalaba hakuitazama. Alitazama chokaa: kingo, pembe, mahali ambapo tabaka hukutana. Alipitisha ukucha mahali ambapo kazi mbovu hupasuka, na ukucha haukupata pa kuingia. Penye kidaka cha tatu alisimama. Alitazama kushoto na kulia kama mtu anayetaka kuiba, akainama.

Taha na mkewe walimkuta kwenye lango. Alijikohoza.

"Husni ameanda kupiga saruji juzi," alisema. "Yeo asubuhi imeanguka. Imeanguka na kipande cha ua la babako."

Taha alifumba macho kidogo kwa lile ua.

"Nitasimama mbele ya kamati usiku huu," Abdulwahid aliendelea. "Nitawaambia nimeona kwa mato yangu. Fundi anayechunga heshima ya ibada ya watu wengine hivi, yetu si ataichunga zaidi? Atakayebisha, nitamleta hapa kwa mashua yangu bure." Akamgeukia dada yake. "Na Bi Ghada nitampitia. Arobaini ya marehemu mamake ni Jumatatu. Mahamri wataagiza kwako."

"Mwambie nina kazi nyingi," alisema Ruqaya. Alimwacha kakake akae na jibu hilo kwa muda, kisha akamhurumia. "Mwambie alete sinia lake."

Abdulwahid alimshika Taha mkono. Kiganja chake kilikuwa na vumbi jeupe.

"Mihrabu ni yako, shemeji. Wayua utaandia wapi?"

Taha aligeuka akautazama ukuta wake kwa mara nyingine, toka baharini mpaka langoni, vidaka kumi na vinne.

"Wayua jibu," alisema. "Kulia."